Orodha mbili zisizokubaliana: kisa cha sacco moja ya Mombasa mbele ya wakaguzi

Barua ilifika Alhamisi saa tisa na nusu alasiri. Ilikuwa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu na vifungu vya sheria, na tatu zilizobaki zilikuwa orodha ya nyaraka 31 zinazotakiwa ndani ya siku 10 za kazi, kabla ya wakaguzi wenyewe kuwasili. Meneja aliisoma kwa kusimama pale pale mapokezi. Baada ya magharibi akanipigia simu: "Kaka, tumepata wageni. Na tumeambiwa tuwaandalie."

Kazi yangu ni kuwasaidia wakopeshaji kuandaa nyaraka za ukaguzi, hasa wale wanaotoa mikopo ya nyumba. Sacco hii, yaani chama cha akiba na mikopo, ni ya kuchukua amana, iko kisiwani, na wanachama wake wengi ni walimu na wafanyakazi wa bandari. Jina silitaji. Maelezo ya wanachama na kiasi cha mikopo nimevigeuza ili mtu asitambulike, ila makosa na hesabu zake nimeyaacha yalivyo. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naona sacco nyingi zaidi zinaingia katika mikopo ya nyumba. Mwishoni mwa 2023 mabenki yote ya Kenya yalikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu kwa nchi nzima. Ndiyo sababu ilipoundwa KMRC, ile kampuni inayowapa wakopeshaji fedha za muda mrefu za nyumba na iliyopata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020, sacco nazo zikaingizwa miongoni mwa wanahisa. Fedha hizo zimefika kwa wepesi kuliko mazoea ya kutunza makaratasi ya mkopo wa miaka 15.

Benki hukaguliwa na Benki Kuu. Sacco za kuchukua amana ziko chini ya SASRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia sacco, kwa Sheria ya Vyama vya Sacco ya 2008 na kanuni za 2010. Kwa mwanachama wa Mikindani tofauti hiyo haimgusi, kwani kokote aendako ataacha hati miliki mezani. Anayeandaa nyaraka lakini asipoijua tofauti hiyo ataharibu kazi siku ya kwanza, kama nitakavyoeleza.

Ijumaa asubuhi nilikuta kazi imeshaanza, na imeanza vibaya. Afisa wa mikopo alikuwa amewaweka vijana wawili wa mafunzo kwenye mashine ya fotokopi, wanatoa nakala ya kila kitu kilichomo kabatini. Makasha saba yalikuwa yamejaa. "Tuwape vyote," aliniambia, "wasije wakasema tumeficha." Nilimwelewa. Mtu anayeogopa kudhaniwa mwizi humimina mfuko wote mezani. Lakini mkaguzi aliyeuliza maswali 31 anataka majibu 31, kila moja na namba yake, na makasha saba yasiyo na mpangilio humwambia kwamba wenye nyumba hawajui kilichomo ndani. Isitoshe, ndani ya makasha hayo mlikuwa na nakala za vitambulisho na ripoti za hospitali za wanachama ambao barua haikuwauliza kabisa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kumpelekea mtu yeyote taarifa binafsi za wengine bila sababu ni kosa lako mwenyewe, hata kama nia ilikuwa njema.

Tukasimamisha mashine. Kabla ya sala ya Ijumaa tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, tangu saa ile hakuna karatasi inayochanwa, hakuna barua pepe inayofutwa, hakuna kinachorekebishwa ndani ya mfumo bila kuandikwa nani amerekebisha na kwa nini. La pili, mtu mmoja tu ndiye atakayepokea na kutuma. Meneja alitaka awe yeye. Nikamwomba awe yule dada msaidizi wa uhasibu, kwa sababu nilipouliza rejesta ya dhamana iko wapi, watu wanne walitazamana, na yeye akaenda akaileta.

Kipengele cha 4 cha barua kilitaka orodha ya mikopo yote ya nyumba kufikia mwisho wa robo mwaka. Kinaonekana chepesi. Unabonyeza kitufe, mfumo unatoa jedwali. Jedwali lilitoka na mikopo 209. Nikaomba ripoti ya robo mwaka waliyokuwa wameshaituma kwa mdhibiti, ile ya kupanga mikopo kwa madaraja ya hatari. Pale paliandikwa 214.

Afisa wa mikopo alisema ni tofauti ndogo, mikopo mitano tu, tuandike 209 tuendelee. Hapa ndipo nilipong'ang'ania, na siku mbili kamili zilikwisha juu ya mikopo hiyo mitano. Kwa maoni yangu zilikuwa siku mbili zilizotumika vizuri kuliko zote. Mkaguzi anayo tayari ile 214, umempelekea wewe mwenyewe kwa sahihi ya meneja. Ukimletea 209 bila neno, swali lake la kwanza halitakuwa mikopo mitano iko wapi. Atajiuliza ni namba gani nyingine hapa ya kutoaminika.

Miwili ilipatikana upesi. Wanachama walikuwa wamemaliza kulipa wiki ya mwisho ya robo mwaka, mfumo ukawafunga, lakini aliyejaza ripoti alitumia jedwali lake la wiki iliyotangulia. Hilo ni kosa la kawaida. Lililonisikitisha ni kwamba rehani za nyumba zao zilikuwa bado hazijafutwa katika ofisi ya ardhi. Mtu amemaliza deni la miaka kumi na nyumba yake ingali inasomeka kuwa imefungwa.

Mitatu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na mzizi. Ilikuwa mikopo iliyopangwa upya. Wanachama walichelewa kulipa, wakaja wakaongea, wakaongezewa muda. Hapana ubaya hapo. Lakini mfumo, badala ya kuongeza muda ndani ya mkopo ule ule, ulifungua namba mpya, na ripoti ikahesabu namba ya zamani na mpya pia. Mitatu ikawa sita. Na kibaya zaidi, namba mpya ilianza kuhesabu siku za kuchelewa kutoka sifuri.

Madaraja ya sacco yako hivi. Mkopo unaolipwa vyema hutengewa asilimia 1 ya salio lake kwa ajili ya hasara. Ukichelewa siku 1 hadi 30, asilimia 5. Siku 31 hadi 180, asilimia 25. Siku 181 hadi 360, asilimia 50. Ukivuka 360, unatengewa wote. (Mhasibu mpya alikuwa ametoka benki na alikuja na jedwali la huko, ambako uangalizi huanza baada ya siku 30. Ndiyo maana baadhi ya mikopo iliyochelewa wiki mbili ilikuwa bado inasomeka kuwa safi. Hiyo tuliirekebisha siku ile ile.)

Sasa chukua ile mitatu. Wa kwanza ulikuwa na salio la shilingi 2,400,000 na ulikuwa umechelewa siku 200 kabla ya kupangwa upya. Kwa daraja lake ulistahili tengo la 1,200,000. Kwa namba mpya ulitengewa 24,000. Wa pili, 1,800,000, siku 95: ulistahili 450,000, ukatengewa 18,000. Wa tatu, 900,000, siku 40: ulistahili 225,000, ukatengewa 9,000. Ukijumlisha pengo la yote mitatu unapata shilingi 1,824,000 ambazo zilionekana kama faida na hazikuwa faida. Zilikuwa hasara iliyobadilishiwa namba.

Hakuna aliyekusudia kudanganya, na hilo nalisema kwa uhakika kwa sababu nilikaa nao usiku. Ni mfumo ulivyowekwa, na mtu akauzoea. Lakini nilimwambia mwenyekiti wa bodi waziwazi kwamba kumwongezea mtu muda hakufuti siku alizochelewa, na mkopo unapaswa kubaki katika daraja lake hadi mwenyewe aonyeshe kwa malipo ya mfululizo kwamba amesimama. Mzee alinyamaza kitambo. Mkutano mkuu ulikuwa umekaribia na gawio lilikuwa limeshatajwa kwa wanachama. Kisha akauliza swali moja: "Wakilikuta wenyewe, na tukilisema sisi, kuna tofauti?" Nikamwambia ipo, na ni kubwa. Akasema tuliseme.

Tukaandika karatasi moja ya maelezo, ukurasa mmoja, tukaiweka mbele ya orodha ya 209. Namba ya zamani, namba mpya, sababu, tarehe, tengo lililokuwepo, tengo linalostahili, na ni lini ripoti iliyotumwa itasahihishwa.

Kipengele cha 11 kilitaka faili kamili za mikopo 20 waliyoichagua wao. Tulizifungua moja moja. Kumi na mbili zilikuwa timamu. Mbili zilikuwa na ukadiriaji wa thamani uliozeeka hata mthamini mwenyewe hangeutetea. Moja haikuwa na hati miliki, ila risiti ya wakili ya kuipokea. Moja nitaieleza baadaye. Na nne zilikosa ridhaa ya mke.

Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 hakina utata. Rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mwenye nyumba na mwenzi wake anayeishi humo wametia sahihi, au nyaraka yenyewe inaonyesha kwamba wameridhia. Sheria inasema mwenzi yeyote anayeishi humo, na kwetu Pwani hilo lina uzito wake. Faili moja kati ya hizo nne ilikuwa na sahihi ya mke mmoja, na nyumba ni ya wake wawili, mmoja chini na mmoja ghorofani.

Afisa wa mikopo alikuwa na dawa tayari. Fomu tupu zipo, tuwapitie kina mama jioni hii, watie sahihi, tuandike tarehe ya mkopo. "Si wamekubali? Nyumba wanaishi, chakula wanakula." Nilimwambia kijana, kwa upole kwa sababu ana bidii na anavuka feri kutoka Likoni alfajiri kila siku, kwamba hapo ndipo tutakapotoka kwenye uzembe tuingie kwenye jinai. Karatasi iliyokosekana ni udhaifu wa sacco. Karatasi yenye tarehe ya uongo ni kughushi, na inamuingiza ndani yule mama ambaye hakujua lolote. Ridhaa ya leo itaandikwa tarehe ya leo, au haitaandikwa.

Nilifuatana naye hadi Mikindani kwa mmoja wao. Mume alikuwa ameshakubali tuje, na alikuwepo sebuleni, akitazama chini. Mama alitukaribisha kwa chai ya tangawizi. Kijana akaanza kueleza kwa maneno ya ofisini, akakwama. Nikamwambia mama kwamba nyumba hii imewekwa rehani miaka mitatu iliyopita, kwamba sheria ilitaka yeye aulizwe, na kwamba hakuulizwa.

Alimtazama mumewe kwanza. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, hiyo rehani ndiyo ile ya kupigiwa kengele ya mnada?"

Nikamwambia inaweza kufika huko mkopo usipolipwa, baada ya notisi ya miezi mitatu, na nyingine ya siku 40, na ya dalali ya siku 45. Akauliza, "Na nisipotia sahihi?"

Kijana alitaka kujibu, nikamzuia kwa mkono. Jibu la kweli lilikuwa kwamba asipotia sahihi deni la mumewe liko pale pale, lakini sacco haitakuwa na nguvu ya kisheria juu ya nyumba yake. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya mtu anayelipwa na sacco, nami nalipwa na sacco. Sikuona namna nyingine ya kumwambia mtu aliye nyumbani kwake. Akasema atazungumza na kaka yake aliye Kilifi, na anataka asomewe mkataba wote kwa Kiswahili kabla ya lolote. Tukaondoka bila sahihi.

Kwa hivyo katika faili lake tuliweka kilichokuwepo: fomu yenye sahihi ya mume peke yake, na mbele yake karatasi inayosema ridhaa ya mke haikupatikana wakati wa mkopo, mke ameelezwa tarehe fulani, ameomba muda na usomaji wa mkataba. Zile tatu nyingine tulifanya vivyo hivyo. Rejesta hii ya mapengo, mistari minane kwa faili nane, ndiyo nyaraka niliyoijali kuliko zote tulizotuma.

Lile faili nililosema nitalieleza baadaye lilikuwa la nyumba ya Majengo. Limenigusa kwa sababu nimekulia nyumba ya namna hiyo. Mjini kwetu kuna desturi kongwe ya nyumba bila ardhi: unajenga nyumba yako, na ardhi ni ya mwingine unayemlipa kodi ya kiwanja. Nyumba unaweza kuirithi na hata kuiuza, lakini hati miliki ya ardhi huna. Afisa aliyetangulia alikuwa ameuingiza mkopo huo kwenye safu ya mikopo yenye rehani iliyosajiliwa. Haikuwezekana kusajiliwa, kwani aliyekopa hakuwa na ardhi ya kuweka. Kilichoushikilia mkopo ule kwa kweli ni amana za wadhamini watano. Na mkopo wenyewe ulikuwa unalipwa vizuri kuliko mingi yenye hati! Tuliuhamisha safu, tukaandika sababu. Wakaguzi wanaotoka bara hawalazimiki kuijua desturi hii, na ni juu yetu kuieleza kwa sentensi tatu badala ya kuwaacha wadhani mtu amebuni rehani.

Vipengele vingine havina hadithi. Sera, kumbukumbu za bodi, mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi, kesi zilizoko mahakamani: vilikuwepo, vilihitaji kutafutwa tu. Kumbukumbu za bodi tulizituma nzima, kurasa zote, pamoja na ule mkutano wenye maneno makali, maana ukurasa uliorukwa huonekana kwa namba yake. Nyaraka za kumtambua mteja zilikuwepo hata za waliokwishalipa, kwa kuwa sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inataka zitunzwe miaka saba.

Namna ya kutuma nayo ilitupa kazi. Kijana alikuwa akirusha picha za vitambulisho kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ili "dada azichukue huko." Tukalizima hilo. Kila faili la kompyuta lilipewa jina linaloanza na namba ya kipengele cha barua, 01 hadi 31, kisha jina fupi la Kiswahili au Kiingereza kama barua ilivyoliita. Jedwali la mikopo tulilitoa upya kutoka mfumoni likiwa na safu zilizoombwa tu, kwa sababu lile la kazi lilikuwa na safu iliyofichwa ya maoni ya afisa juu ya wanachama, na maoni mengine hayakuwa ya kumsomea mtu. La kazi lilibaki mahali pake bila kuguswa. Kurasa zilizoskaniwa kichwa chini zilirudiwa. Tukatuma kwa njia iliyotajwa na barua, siku ya tisa, saa nne asubuhi, na dada akahifadhi nakala kamili ya kilichotumwa pamoja na uthibitisho wa kupokelewa. Vipengele viwili havikuwa tayari. Tuliviandikia barua mapema, siku ya sita, tukataja tarehe ya kuvileta, tukakubaliwa.

Wakaguzi walipokuja, watu watatu, walikaa siku tano. Kiongozi wao alikuja na ile karatasi ya maelezo ya 214 na 209 imepigwa mistari kwa wino. Alimwita mhasibu, wakaketi saa moja, wakafungua mikopo ile mitatu kwenye mfumo, kisha akaomba kuona kama kuna mingine iliyofunguliwa namba mpya katika mikopo isiyo ya nyumba. Ilikuwepo, tisa. Hatukuwa tumeitafuta, kwa sababu tuliishia pale barua ilipoishia. Hilo ni kosa langu mimi: chanzo kilikuwa mfumo, na mfumo hauchagui aina ya mkopo. Nilipaswa kuwaambia watafute kote. Jambo jingine lililotukuta hatujajiandaa ni bima. Faili sita zilikuwa na bima ya moto iliyokwisha muda, na hakuna aliyekuwa akifuatilia kuihuisha baada ya mwaka wa kwanza.

Ripoti yao iliitaka sacco iongeze tengo, isahihishe ripoti ya robo mwaka, ibadilishe namna mfumo unavyoshughulikia mikopo iliyopangwa upya, na izibe mapengo ya dhamana kwa tarehe zilizotajwa. Gawio lilipungua. Mkutano mkuu ulikuwa mgumu, na mwenyekiti alisimama akalieleza mwenyewe, namba kwa namba, na mzee mmoja wa bandarini akataka arudie ile ya 24,000 na 1,200,000 ili aiandike.

Hati miliki iliyokosekana ilipatikana katika kabati la wakili, ndani ya faili la mtu mwingine mwenye jina linalofanana. Rehani za wale wawili waliomaliza kulipa zimefutwa. Wake wale wawili wa nyumba moja walikuja ofisini pamoja, wakasomewa pamoja, wakatia sahihi kila mmoja kwa tarehe ya siku ile. Mwingine alifuata wiki iliyofuata. Mama wa Mikindani alisomewa mkataba wote kwa Kiswahili, kaka yake akiwepo, kwa muda wa saa mbili, na alikuwa na maswali ambayo wakili wetu alilazimika kwenda kuyatafutia majibu. Mpaka naandika haya hajatia sahihi. Mkopo wa mumewe unalipwa kila mwezi, na katika rejesta ya sacco unasomeka hauna rehani.